Nyumba ya Wanane Kando ya Ziwa

Nyaboke hakuwa mtu wa kuamini vitu vya bure, na hilo ndilo lililomuuma zaidi kila alipokumbuka jinsi alivyoingizwa mjini. Miaka saba iliyopita yeye na mumewe Dedan walialikwa kiamsha kinywa cha bure katika hoteli moja ya Dallas. Waliahidiwa pia chombo cha umeme cha kukaangia viazi bila mafuta, mradi tu wakae wasikilize mazungumzo ya dakika tisini. Dakika tisini zikawa saa tano. Walipotoka walikuwa wamekumbatia kile chombo, na walikuwa wamesaini mkataba wa kununua pointi. Si nyumba, si chumba, hata ufunguo hawakupewa. Pointi tu, ambazo kila mwaka wangeweza kuzibadilisha kwa siku kadhaa za kukaa katika nyumba za mapumziko za kampuni ile. Ni mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe linalipiwa ada kila Januari, na kila Januari ada inapanda.

Sasa wewe niambie, dereva wa lori na muuguzi watapata wapi likizo? Dedan alikuwa barabarani siku tano kwa wiki. Nyaboke alikuwa msimamizi wa zamu katika kituo cha kuwatunza wazee pale Garland, na wazee hawaendi likizo. Mwaka wa kwanza pointi ziliisha muda wake bila kuguswa. Mwaka wa pili akakutana na Mutuku kwenye harusi ya Wakenya huko Houston, Mkamba mmoja mcheshi anayeishi Sugar Land, ambaye naye alikuwa ameuziwa gunia lile lile. Mutuku ndiye aliyemfungua macho.

Biashara ilikuwa hivi. Miezi kumi kabla, unazitumia pointi kushika nyumba nzuri katika wikendi ambayo watu wataitaka. Halafu unatafuta mpangaji, anakulipa wewe, nawe siku zikikaribia unaandikisha jina lake kama mgeni wako. Ada ya mwaka inarudi, na ukibahatika unabaki na cha kununulia matairi.

Adui wa biashara hii ni kampuni yenyewe. Wiki tatu nne kabla ya siku, nyumba zilizobaki bila watu inazitupa mtandaoni kwa nusu bei, wakati mwingine chini ya nusu. Hizo ndizo bei za dakika za mwisho. Utashindana vipi na mwenye duka anayeuza mlangoni pake mali ile ile unayoitembeza wewe? Mpangaji akiziona tu, anakukimbia. Nyaboke alikuwa amekimbiwa na mchungaji, akakimbiwa na maharusi, akakimbiwa na mhasibu mmoja kijana wa Plano aitwaye Sheldon. Huyu Sheldon alimpigia kwa sauti ya majonzi akisema safari imevunjika kwa kuwa amefiwa na shangazi yake. Nyaboke akampa pole na akamrudishia kila senti. Wikendi ile ile picha zikaonekana, Sheldon kwenye bwawa la kuogelea la kampuni, na shangazi marehemu pembeni yake amevaa miwani ya jua.

Tangu siku hiyo Nyaboke hakumwamini mpangaji hata awe amemshika mkono kwenye ushirika mtakatifu. "Wasiwasi ndiyo akili," alimwambia Dedan, na Dedan, ambaye hakutaka kabisa kusikia neno pointi ndani ya nyumba yake, alikuwa akiongeza sauti ya televisheni.

Thaddée alikuja mwezi wa Machi, Jumapili baada ya misa, na mkewe Dévote na binti yao mdogo Raïssa. Nyaboke alimfahamu Dévote vizuri, Mrundi mpole, msaidizi wa wauguzi katika zamu yake mwenyewe. Thaddée, Nyaboke alimjua kwa kumwona tu akimsubiri mkewe kwenye maegesho, mrefu, mkimya, mfanyakazi wa ghala. Walileta maharage ya bustanini kwao, wakakaa kwenye ncha ya kochi kama watu waliokuja kuposa.

"Dada Nyaboke," Thaddée alianza, "Dévote ameniambia una nyumba kule ziwani, upande wa Houston."

"Ninayo wikendi ndefu ya Oktoba. Vyumba vitatu, inalaza watu wanane. Kuna nini, sherehe?"

"Si sherehe. Nina ndugu watatu. Kambini Tanzania tulikuwa hema moja, sisi na mama. Halafu kila mtu akapata kesi yake ya kuhamishiwa Marekani. Mimi nikaletwa hapa, Claude akaletwa Houston, dada yetu Kentucky, mama na kitinda mimba wakapelekwa Maine kule kwenye baridi. Huu mwaka wa kumi hatujalala nyumba moja, dada. Tunakutana kwenye msiba, tunakula mchana, kila mtu anakimbilia ndege. Mama ana miaka sabini na sita. Nataka alale nyumba moja na watoto wake, siku tatu. Kulala, tuamke, tusalimiane asubuhi. Basi."

Nyaboke si jiwe. Akaenda jikoni kuongeza chai ambayo haikuhitaji kuongezwa. Lakini aliporudi alitaja bei yake ile ile, dola elfu moja na mia mbili, na Thaddée hakuomba ipunguzwe. Aliomba tu alipe kidogo kidogo kila akipokea mshahara. Wakapeana mikono.

Na alilipa. Kila Jumapili ya pili, saa ya kutoka kanisani, simu ya Nyaboke ililia na hela zikaingia. Hakuchelewa hata mara moja. Ungedhani hilo lingemtuliza mtu, lakini Nyaboke alianza kujiuliza ni mpangaji gani huyu asiyechelewa.

Wiki tatu kabla ya safari, Mutuku alipiga.

"Nyaboke, wacha kulala. Wame-drop bei za ziwani. Angalia hiyo screenshot nimekutumia."

Akaangalia. Nyumba ya vyumba vitatu, wikendi ile ile, ukumbi ule ule wa mbele wenye viti vya kubembea: mia tano na arobaini. Zimebaki nne.

"Huyo client wako ashaiona," Mutuku akasema. "Mimi nakwambia. Siku hizi nani hana simu? Siku tatu kabla atakuambia mtoto ana homa."

"Baba Raïssa si mtu wa hivyo."

"Sheldon pia hakuwa mtu wa hivyo."

Jina la Sheldon lilimwingia Nyaboke kama chumvi kwenye kidonda.

Kesho yake kazini alikata kona ya stoo ya mashuka akamkuta Dévote amesimama na mwenzake, wameinamia simu. Nyaboke aliona kwa jicho la pembeni rangi ya buluu ya maji na paa la nyumba. Dévote alipomwona alishtuka, akaitumbukiza simu mfukoni.

"Kuna nini hapo?"

"Hakuna kitu, dada. Naenda kumgeuza mzee wa chumba cha nane."

Sheria ya kituo inakataza simu kwenye wadi, na msimamizi wa zamu, yule mwenye mamlaka ya kuandika barua ya onyo, alikuwa Nyaboke mwenyewe. Hilo halikumpitia akilini hata kidogo. Aliona paa, akaona simu inafichwa, akajumlisha. Dalili ya mvua ni mawingu.

Jioni Thaddée akapiga simu. Hakuwa na kawaida ya kupiga.

"Dada, samahani. Swali dogo. Zile nyumba za kule ambazo wanauza kwa bei ya chini kwenye simu, ni nyumba zile zile?"

Nyaboke alihisi damu ikimpanda masikioni. "Nani amekuambia?"

"Claude ameona."

"Ni zile zile, lakini hizo hazina uhakika. Ukishalipa hurudishiwi hela hata kukitokea nini. Na unaweza kuamka ukakuta zimeisha."

"Aa. Sawa, dada. Nilitaka kujua tu."

Akaaga kwa heshima zote. Angelalamika, Nyaboke angelala usingizi. Angesema "mbona wewe umetuuzia ghali," wangegombana wakaelewana. Lakini "nilitaka kujua tu"! Mtu anayetaka kujua tu ni yule anayepima kina cha mto kabla ya kuvuka. Nyaboke aliirudia sentensi ile wakati akipika, akiwa bafuni, hata Jumapili wakati wa mahubiri, na kila alipoirudia ilizidi kunuka.

"Si umpigie umuulize?" alisema Dedan siku moja aliporudi kutoka safari, akivua viatu. "'Baba Raïssa, bado uko nasi?' Ni sentensi moja hiyo."

"Nikimuuliza nitamkumbusha."

"Utamkumbusha nini?"

"Kwamba anaweza kunikimbia."

Dedan akachukua rimoti.

Kampuni ilikuwa na masharti yake. Ukifuta nyumba siku kumi na tano kabla, pointi zinarudi zote. Ukichelewa hata dakika moja, zimekwenda na maji. Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mchana wa siku hiyo Mutuku alipiga tena, na mpango wake ulikuwa mtamu kuliko asali.

"Sikiza. U-cancel leo, pointi zirudi. Mimi nina mtu anataka nyumba ya Krismasi Florida, atazichukua leo leo. Huyu Mrundi wako akikukimbia, huna hasara. Asipokukimbia, unamnunulia moja ya hizo za five-forty. Nyumba ni ile ile, ziwa ni lile lile, yeye hatajua. Unabaki na pointi na unabaki na change."

"Na zikiisha?"

"Zitaisha vipi? Ziko nne! Na bei bado inashuka."

Hakuna uongo ndani ya mpango ule, Nyaboke alijiambia. Thaddée amelipia nyumba, atapata nyumba. Na kama ni mwaminifu kama anavyojifanya, atapata haki yake. Saa kumi na dakika arobaini aliingia stoo ya mashuka, akafunga mlango, akatoa simu ambayo sheria inakataza, akafuta. Pointi zikarudi palepale. Kabla ya kulala zilikuwa zimeshakwenda Florida kwa mtu wa Mutuku.

Kumnunulia Thaddée nyumba ya bei ya chini, je? Hapo ndipo wasiwasi ulipomfunga miguu. Hizo za mwisho hazirudishiwi hela. Akiinunua leo, halafu keshokutwa Thaddée apige akisema mtoto ana homa, atabaki nayo mkononi. Kwa hiyo aliamua kungoja. Acha Thaddée atangulie kuonyesha rangi yake. Kila asubuhi alifungua mtandao kabla hata ya kusali. Mia nne tisini na tano. Mia nne sitini. Zimebaki tatu.

Jumapili, simu ikalia saa ya kutoka kanisani. Malipo ya mwisho, na ujumbe: "Tumemaliza dada. Mungu akubariki. Bado siku kumi na mbili. Mama anahesabu."

Nyaboke alijibu, "Amina."

Hapo hapo angenunua, na hadithi ingeishia hapo, tena kwa amani. Lakini kichwa kilichozoea kushuku hakipumziki. Mtu ameona nyumba ile ile kwa chini ya nusu bei, halafu anakumalizia hela yako yote bila neno? Hakuna mjinga wa hivyo duniani. Lazima ana jambo. Labda anakusanya risiti. Labda Claude amemwambia kampuni haipendi wenye pointi wanaofanya biashara, na sasa wanataka kumshtaki afungiwe, walipwe fidia. Alizifungua jumbe zote za Thaddée tangu Machi akazisoma upya kama polisi. Hakupata kitu, na kutopata kitu kukamtisha zaidi.

Jumatatu ya wiki ya safari zilibaki mbili. Jumanne, mbili. Jumatano alipotoka kazini alifungua simu ndani ya gari na maandishi yalikuwa mekundu: hakuna nafasi.

Alifunga, akafungua tena. Akabadilisha tarehe, akarudisha tarehe. Hakuna nafasi. Na simu ikalia mikononi mwake, Thaddée.

Hii ndiyo homa ya mtoto, alijiambia, na aibu iliyoje, alifurahi. Tafadhali, Mungu, aseme mtoto ana homa.

"Dada Nyaboke! Nina habari njema." Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ya mtu anayecheka. "Unakumbuka ile ya bei ya chini? Tumeichukua. Saa sita leo. Claude anasema ilikuwa ya mwisho kabisa."

Akasikia kitu ndani yake kikiruka kwa ushindi. "Kumbe! Nilijua. Kwa hiyo sasa unataka hela zako."

"Hela gani, dada?"

"Si umepata nyumba nyingine?"

"Ya pili! Tumekuwa watu kumi na sita. Shemeji wa Kentucky amepewa ruhusa kazini, watoto wote wanakuja, mke wa kitinda mimba pia. Wanane kwako, wanane kwenye hiyo nyingine. Ziko mtaa mmoja, mtu anavuka tu nyasi. Dada, mama amelia."

Nyaboke alifunga kioo cha gari.

"Nikwambie ukweli," Thaddée aliendelea, akishusha sauti, "Claude alinibana sana. Alisema tukuombe hela zetu, tuchukue mbili za bei ya chini, tubaki na nauli. Nikamwambia hapana. Yule dada ametushikia nyumba tangu Machi. Tulipeana mkono nyumbani kwake. Bei ikishuka, imeshuka kwa wengine. Sasa, jambo dogo tu: nimepiga mapokezi, wanasema hawaoni jina langu kwenye nyumba yako. Nikawaambia iko kwa jina la dada. Utaweka sawa, si ndiyo?"

"Ndiyo," alisema Nyaboke.

Neno lenyewe lilitoka kabla hajaliita.

Alhamisi hakwenda kazini. Alipiga simu kwenye kampuni mara tano. Dada wa mapokezi alimweleza kwa upole kwamba wikendi hiyo kuna mashindano ya uvuvi ziwani, kila kitu kimejaa, na kwamba kila nyumba ni watu wanane wenye bangili za plastiki za kuingilia getini, hakuna wa tisa, hata mtoto mchanga anahesabiwa. Akapiga nyumba za watu binafsi, akapiga hoteli zote zenye maji karibu. Alichopata ni vyumba vitatu katika hoteli ya kando ya barabara kuu, dakika arobaini kutoka ziwani, mkabala na kituo cha mafuta. Akavilipia.

Akampigia Mutuku.

"Pole sana," alisema Mutuku. "Lakini mimi nili-suggest tu. Ungenunua siku ile ile, si nilikuambia?" Kisha akasema yuko kwenye mkutano, ingawa Nyaboke alisikia kuku wakikaangwa.

"Nitamtumia ujumbe mrefu," alimwambia Dedan jioni. "Nitamweleza kila kitu, na nitamrudishia hela zote."

"Hilo haliendi kwa simu," alisema Dedan. Hakuwa na ukali. "Wako wapi?"

"Kwa Claude, mtaa wa Alief kule Houston. Wote wamefika. Wanaondoka kesho saa saba kwenda ziwani."

"Basi washa gari kesho mapema."

Aliendesha kwa saa nne kutoka Garland mpaka Houston, barabara imenyooka kama rula, akifanya mazoezi ya maneno. Kulikuwa na tatizo la mfumo. Kampuni imefuta. Kumetokea makosa. Kufikia Huntsville alikuwa ameshatunga uongo mzuri, wenye namba ya malalamiko na jina la ofisa. Uongo ule ungepita, maana watu wale wamezoea ofisi kuwafutia mambo. Na kwa sababu ungepita, ulimchefua.

Nyumba ya Claude ilikuwa ghorofa ya chini, na mbele yake gari mbili kubwa zilikuwa wazi milango yote. Masufuria, magodoro ya kujaza upepo, mfuko wa mchele wa kilo ishirini, mpira wa miguu. Watoto walikuwa wakizunguka magari wakipigiana kelele kwa Kiingereza. Thaddée alikuwa akifunga kamba juu ya gari. Alipomwona alirusha mikono juu.

"Dada! Umekuja kututembelea mwenyewe! Mama, njoo umwone mwenye nyumba!"

"Baba Raïssa, ngoja. Kwanza tusimame hapa pembeni."

Wakasimama kando ya gari. Nyaboke akafungua kinywa, na ule uongo mzuri ukakataa kutoka.

"Nyumba yangu haipo. Niliifuta."

Thaddée alikuwa bado anatabasamu, tabasamu lililosahau kuondoka. "Uliifuta lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Alhamisi."

Alimwona akihesabu. "Jumapili ile nilipokutumia ya mwisho. Ulikuwa umeshafuta?"

"Ndiyo."

"Ukasema amina."

"Ndiyo."

"Kwa nini, dada?"

"Niliona bei imeshuka. Nilidhani utanikimbia kama wengine. Nilitaka kukununulia nyingine ya bei ya chini, nikawa nangoja kwanza nione kama… Nimekosa, Baba Raïssa. Hela zako hizi hapa zote. Na nimelipia vyumba vitatu hoteli nyingine, kwa hela yangu, hamtadaiwa kitu."

"Iko ziwani?"

"Dakika arobaini."

Thaddée hakuipokea bahasha ya hela aliyonyooshewa. Alitazama gari, magodoro, mtoto wa Kentucky aliyekuwa amejilaza juu ya mfuko wa mchele. Nyaboke alingoja atukane. Alitaka atukane.

"Wanane huku, wanane kule," Thaddée alisema polepole. "Hata asubuhi hawaruhusiwi kuingia?"

"Getini wanaangalia bangili."

Akajifuta uso kwa kiganja chote, kutoka paji la uso mpaka kidevuni. "Kambini, siku ya kusafiri, karatasi ya majina ilikuwa inabandikwa ubaoni. Unasoma, jina lako lipo, la mama halipo. Unageuka umuulize aliyeandika, ameshapanda gari ameondoka. Sijawahi kumwona uso hata mmoja wao. Wewe angalau umekuja. Mama yuko ndani. Mimi sitaweza kumwambia. Ingia umwambie wewe."

Ufunguo wa gari ulikuwa mkononi mwa Nyaboke, na gari lake lilikuwa hatua kumi. Nyaboke alijua kwamba akiondoka Thaddée hatamfuata, wala hatamsema kwa mtu. Akaingia.

Sebule ilikuwa imejaa. Dévote alikuwa akimvalisha Raïssa viatu. Dada wa Kentucky alikuwa ameshika mtoto mchanga. Claude, aliyefanana na kaka yake ila mnene zaidi, alikuwa amebeba mabegi mawili kuelekea mlangoni. Katikati ya kochi alikaa bibi mdogo wa umbo, amevaa kitenge kipya na kofia ya sufu ya Maine ndani ya joto la Houston, tayari kwa safari tangu alfajiri. Alipomwona mgeni alijisogeza, akapigapiga nafasi pembeni yake.

"Karibu, mwanangu. Wewe ndiye uliyetushikia nyumba. Thaddée ananiambia jina lako kila siku. Kaa hapa."

Nyaboke hakukaa. "Mama, nyumba niliyowashikia haipo tena. Nilikuwa nayo, nikaifuta mwenyewe. Imebaki moja, ile waliyoichukua wanao. Wanane watalala ziwani, na wanane watalala mahali pengine, mbali kidogo. Thaddée hana kosa lolote. Ni mimi."

Nje mtoto mmoja aliendelea kupiga mpira ukutani.

"Uliifuta kwa nini?" aliuliza bibi. Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa.

"Bei ilishuka, mama. Nilidhani mwanao atanikimbia. Nikamtangulia."

Bibi alimtazama Thaddée aliyesimama mlangoni, kisha akamrudishia macho Nyaboke.

"Alikukimbia?"

"Hapana, mama."

Claude alimtazama kaka yake. Kisha akayaweka yale mabegi mawili chini, akatoka nje, akaanza kuyashusha na mengine na magodoro, akiyarudisha sebuleni, pa kulala wote kumi na sita.